Boliti ya Tatu

Minza mwanangu,

Ni saa kumi na moja jioni. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na mimi nimekaa gereji, kwenye benchi la kazi, nimesukuma spana pembeni nipate mahali pa kuweka karatasi. Habari za sanduku, za nauli, za watu wa stendi na za kutopokea chakula cha mtu usiyemjua, shangazi yako atakuwa amekwisha kukupa mara tatu, na anazijua kuliko mimi. Sitazirudia. Nina jambo moja ambalo nimejaribu kulisema kwa mdomo wiki nzima. Jumatatu nilianza, ukaniuliza kama chumvi imezidi kwenye mboga, nikajibu habari ya chumvi. Jumatano nilianza tena, ukaniangalia, nikakuuliza kama viatu vipya vinakubana. Basi nimeamua kuandika.

Ni habari ya kifo cha mama yako. Unayo habari moja uliyokua nayo, na mimi ndiye niliyekuacha ukue nayo. Si ya kweli.

Ulikuwa na miaka mitano, mengi huyakumbuki, kwa hiyo nianzie mbali kidogo. Kabla ya gereji hii nilikuwa fundi wa chama cha ushirika. Tulikuwa mafundi sita, tuna karakana ya sakafu ya saruji, shimo la kuingilia chini ya gari, na msimamizi mmoja mzee kutoka Maswa ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi. Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ikafunguliwa, chama kikadhoofika, magari yake yakauzwa kwa mnada na sisi tukapunguzwa kazini. Nilirudi nyumbani na sanduku langu la spana. Mama yako hakulia wala hakulalamika. Aliniambia tu kwamba magari yale yaliyouzwa yataendelea kuharibika, na walioyanunua hawajui kuyatengeneza. Limi alikuwa na akili ya namna hiyo. Mwezi haukuisha nikawa na bati nne juu ya nguzo hapa nyuma ya soko, na wateja.

Mmoja wao alikuwa Masunga, rafiki yangu tangu shule ya msingi. Alinunua pikapu ya chama kwenye ule mnada. Ilikuwa imechoka. Sakafu upande wa abiria ilikuwa imeliwa na kutu, akaziba matundu kwa gunia. Stata ilikuwa inashika siku inayotaka. Lakini gari lilitembea, na mwaka ule kutembea tu kulitosha, kwa sababu ndio msimu wa kwanza wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia kwetu. Kila kitu chenye magurudumu manne kilikuwa barabarani kimebeba pamba.

Ijumaa moja mchana Masunga akaniletea ile pikapu ikinguruma kama trekta. Gasketi ya ekzosi, kile kibati cha kuziba mwanya, ilikuwa imeungua, pale bomba la moshi linapoungana na injini. Kazi hiyo unaijua, lakini nakuandikia kama kwa mtu asiyeijua, maana nataka uone kila mahali nilipokuwa na nafasi ya kufanya vingine. Kwenye maungio yale kuna boliti tatu. Ukitaka kubadilisha gasketi lazima uzitoe zote. Na boliti za ekzosi si kama boliti nyingine za gari. Zinapata moto na kupoa kila siku, maji na vumbi vinazifikia, na baada ya miaka kutu inakuwa imezishika mpaka huwezi kujua boliti inaishia wapi na chuma cha injini kinaanzia wapi.

Mzee wetu wa karakana alitufundisha kwamba boliti ya namna hiyo haifunguliwi siku uliyoikuta. Unaisugua kwa brashi ya waya, unaimiminia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, unaigonga kichwani taratibu, unaondoka. Kesho unarudi. Kabla ya kuifungua unaikaza kwanza, kidogo sana, ili kutu ivunjike, kisha unarudisha, unaongeza mafuta, unakaza tena, unarudisha tena. Boliti inayokubali kutoka inalia. Boliti inayotaka kukatika hailii, inakuwa laini ghafla mkononi, inazunguka kama imekubali kumbe haijakubali. Ukiusikia ulaini huo, unaacha hapo hapo.

Yote hayo niliyajua. Siku ile Masunga alisimama juu yangu akiangalia jua. Alitakiwa kuwa Ngulyati asubuhi kupakia. Nilimimina mafuta ya taa, nikangoja muda wa sigara moja, nikaanza. Mbili zikatoka. Ya tatu, ile ya juu upande wa ndani ambayo huwezi kuiona mpaka ulaze kichwa, ikagoma. Nikachukua kipande cha bomba, nikalivisha kwenye mkono wa spana nipate nguvu zaidi. Nikasukuma. Nikausikia ule ulaini. Nikaendelea kusukuma.

Kichwa cha boliti kikabaki ndani ya spana, na mwili wake ukabaki ndani ya injini.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya nusu siku. Kusawazisha kile kisiki kwa tupa, kukipiga alama katikati, kukitoboa kwa drili ya mkono, kwanza tundu dogo halafu kubwa, kukitoa, kusafisha uzi, ile mistari ya ndani ya tundu, kuweka boliti mpya. Nusu siku tu, Minza. Masunga akauliza kama tayari. Sikumwambia kwamba nimekata boliti. Niliona aibu. Nilikuwa fundi wa ushirika, na watu walinijia kwa sababu hiyo. Nikaweka gasketi mpya, nikakaza zile mbili, na mahali pa ya tatu nikabana kwa waya, nikaziba mwanya kwa kipande cha kopo. Nikawasha. Mngurumo ulikuwa umeisha. Ilibaki sauti ndogo, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha.

Nikamwambia, "Itakupeleka na kukurudisha. Njoo Jumatatu niimalizie. Na usizime injini njiani, stata yako itakuaibisha."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayasikia mpaka leo kwa sauti ile ile ya mtu anayejiamini. Masunga akiwa ameshika usukani akaniambia kwamba kesho shemeji atapanda naye kutoka Ngulyati mpaka Maswa. Nikasema vizuri, utapata mtu wa kuzungumza naye.

Mama yako alikuwa Ngulyati kwa babu yako siku tatu, anavuna pamba yake. Babu yako alimpa kipande cha shamba na mama yako akakilima mwenyewe kuanzia jembe la kwanza. Pamba hiyo ndiyo Masunga alikuwa anaifuata pamoja na ya wengine, kuipeleka Maswa kiwandani. Mama yako aliamua kwenda nayo. Wanunuzi walikuwa wageni, na alitaka kuiona mizani kwa macho yake. Wewe ulibaki na mimi hapa. Ulikuwa umeahidiwa kwamba angerudi jioni.

Yaliyotokea Jumamosi niliambiwa na Masunga, na baadaye na wengine, na hayatofautiani. Jirani wa babu yako alikuwa mjane anaitwa Bibi Holo, ambaye alimfahamu mama yako tangu anabebwa mgongoni. Asubuhi ile alileta kibuyu cha maziwa ya mgando. Mama yako aliyanywa amesimama, kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi. Watu waliokuwa wanapakia magunia walimwona.

Njiani malori ya pamba yalikuwa mbele yao, vumbi limefunga barabara. Wakapandisha vioo. Masunga aliumwa kichwa, akasimama mara moja kando ya barabara akatapika, akadhani ni njaa. Mama yako alisema usingizi umemzidi, akajicheka kwamba siku tatu za kuvuna zimemzeesha. Walipofika kiwandani walikuta foleni ndefu. Masunga alishuka kwenda kuulizia zamu yao. Injini aliiacha inaunguruma, kwa sababu fundi alimwambia asiizime. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi na manyoya ya pamba, basi mama yako akabaki ndani, vioo juu, akajilaza kwenye kiti.

Kule getini palikuwa na ubishi wa nani ametangulia. Masunga alikaa huko zaidi ya saa mbili. Aliporudi alimwita, halafu akamtikisa.

Hospitali waliandika kwamba moyo ulisimama. Hawakuwa na zaidi ya kusema, na hakuna aliyewaambia habari ya gari. Walimrudisha Ngulyati siku ile ile, na mimi nikaletwa kutoka mjini kwa baiskeli, wewe umeachwa kwa shangazi. Nilipoingia ndani walikuwa hawajamfunika mikono. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, na kucha, na midomo, kama mtu aliyetoka kucheka sana.

Mzee wa karakana alituambia mara moja tu, tukiwa tunakunywa chai, habari ya madereva wawili waliolala ndani ya lori injini ikiwaka, wakakutwa asubuhi na rangi hiyo. Alisema sehemu mbaya zaidi ya moshi wa ekzosi haionekani wala hainuki. Akamaliza chai yake tukarudi kazini. Kwa hiyo nilijua. Nilijua kabla sijakaa chini.

Ningeweza kusema pale pale. Ningeweza kusema baada ya mazishi. Nilijiambia kwamba kusema hakutamrudisha, kwamba mtoto amebakiwa na mzazi mmoja, kwamba Masunga atabeba lawama pamoja na mimi. Yote yalikuwa maneno mazuri. Chini yake palikuwa na kitu kimoja, woga wa babu yako kunitazama.

Watu walipouliza mama yako alikula nini siku ile, Masunga akajibu kweli, kwamba alikunywa maziwa ya Bibi Holo. Hakuongeza neno. Lakini mwanamke mzima, mwenye nguvu, anakufa bila homa, viganja vyekundu, na kitu cha mwisho kinywani mwake kimetoka kwa bibi mwenye macho mekundu. Macho yale yalikuwa ya mtu aliyepika kwa moto wa kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Nusu ya mabibi wa kijiji walikuwa nayo. Siku ya tatu baada ya mazishi, mchana kweupe, vijana na watu wazima walikusanyika uani kwa babu yako. Maneno yalisemwa, uchawi ukatajwa. Wengine walitaka mabaya kuliko yale yaliyofanyika. Babu yako akanigeukia mbele ya wote.

"Mkwe, wewe una neno?"

Nikasema, "Sina neno."

Minza, hili ndilo ninalotaka ulijue kuliko yote. Boliti niliikata kwa haraka na aibu, na hilo ni kosa langu, nitakufa nalo. Lakini siku ile uani sikuwa na haraka. Hakuna aliyekuwa ananisubiri. Niliulizwa swali, nikapewa muda wa kujibu, na nyumba ya pili kutoka pale mwanamke asiye na kosa alikuwa amekaa mlangoni akingoja kusikia atafanywa nini.

Walivuta nyasi za paa lake mpaka nyumba ikabaki miti mitupu. Wakamwambia jua la kesho lisimkute pale. Alitoka na kapu kichwani na mkeka, akapita mbele yangu. Akasimama, akanisalimia kama mtu anavyomsalimia mfiwa, sauti ya chini.

"Mwadila, baba."

Nikaitikia. Akaenda zake. Alikuwa na kaka yake katika kijiji cha Lingeka, kule Meatu, na nasikia alitembea siku mbili.

Masunga alileta ile pikapu Alhamisi, kama mtu asiyejua aipeleke wapi. Nikamwambia aiache, nikangoja aondoke, nikaingia chini. Waya ulikuwa umeungua na kukatika. Kile kipande cha kopo hakikuwepo. Bomba lilikuwa limening'inia, likaacha mwanya ninaoweza kupitisha kidole, na juu yake, moja kwa moja, ni lile tundu la sakafu, na gunia limekuwa jeusi kwa masizi. Nilitoa kisiki cha boliti. Nilikitoboa polepole. Nikasafisha uzi, nikaponda yale makaa yaliyo katikati ya betri ya redio, nikayachanganya na grisi, nikapaka boliti mpya zote tatu ili fundi atakayekuja baada yangu azifungue bila taabu. Nikakaza moja kidogo, nyingine kidogo, kwa kupokezana, nikawasha injini mpaka ikapata moto, nikazima, ikapoa, nikakaza tena. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizopata kufanya. Nilianza asubuhi na saa saba mchana nikawa nimemaliza. Halafu nikalichoma lile gunia.

Tangu hapo nimeishi na ile sauti. Nikipita barabarani gari likiwa na tundu kwenye ekzosi, naisikia tik, tik, hata katikati ya kelele za soko, na miguu inasimama yenyewe. Nimewahi kumfuata dereva nisiyemjua mpaka kituo cha mafuta kumwambia gari lake linavuja moshi. Unajua wananiita Fundi Vioo, kwa sababu hakuna mteja anayeondoka hapa bila mimi kumwambia ashushe vioo. Umewahi kuniuliza jina hilo limetoka wapi, nikakuambia ni utani.

Unakumbuka pia siku niliyokuzaba kofi. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umekaa ndani ya gari la mteja, vioo vimepanda, injini inawaka, unasikiliza redio. Sijakupiga kabla wala baada ya hapo. Nilikuvuta nje kwa mkono, na ulipolia ukaniuliza umefanya nini, nilikwenda kushusha vioo. Ulininunia siku nne. Ulikuwa na haki. Nilichokiona mimi kwenye kile kiti hakikuwa wewe.

Na kuna hili. Ulikuwa na miaka minane, tuko sokoni, bibi mmoja muuza karanga akakupa chache mkononi. Ukayaona macho yake mekundu, ukazimwaga chini, ukajificha nyuma yangu. Ulikuwa umesikia kwa binamu zako Ngulyati kilichomuua mama yako. Nilimwomba radhi yule bibi. Wewe sikukuambia kitu. Tulirudi nyumbani umenishika mkono, na nilihisi kwamba nimekupa kitu kibaya kuliko ugonjwa.

Kilichonisukuma ni wewe mwenyewe. Ulikuwa na miaka kumi na minne, umeanza kukaa gereji kila likizo, na mikono yako ilikwisha kuwa na usikivu kuliko ya watu wazima niliowafundisha. Siku moja boliti ya ekzosi ilikatika mkononi mwako. Ukaja moja kwa moja kwangu mbele ya mteja, ukasema, "Baba, nimeikata." Hivyo tu. Tukaanza kuitoa. Ukiwa unazungusha drili ukaniuliza kama tungeiacha moja, mbili zilizobaki zisingeshika. Nilitoka nje. Nilikuambia naenda kununua msumeno. Nilikwenda nikakaa nyuma ya vibanda vya mitumba.

Wiki ile nilikwenda Lingeka. Nilikuambia nakwenda kuangalia trekta bovu.

Nilimkuta Bibi Holo amekaa kwenye ngozi kivulini mwa ghala, anapembua dengu. Alikuwa amepungua sana, jicho moja halioni tena. Nilimwamkia, nikajitaja, mume wa Limi wa Ngulyati. Mikono yake ikasimama, lakini aliniitikia. Nikakaa chini mbele yake nikamwambia yote, boliti, waya, moshi, vioo, na lile swali la babu yako na jibu langu. Hakunikatiza. Nilipomaliza kuku walikuja wakaanza kudonoa dengu kwenye ungo, na hakuwafukuza.

Kisha akauliza, "Limi aliumia?"

Nikasema hapana, mayu, alilala.

"Basi maziwa yangu yalikuwa mazuri."

Sikuelewa mara moja. Akaniambia, polepole, kwamba yeye hajui kuroga na hajawahi kutaka kujua, kwa hiyo yale waliyosema vijana hayakumwingia. Lakini mtoto Limi alikunywa kwenye kibuyu chake akafa. Kwa miaka tisa alikuwa anajiuliza kama siku ile alikiosha vizuri, kama kulikuwa na kitu chini, mdudu, sumu ya dawa ya pamba, kitu. Tangu siku ile hakuwahi kumpa mtu chochote cha kunywa. Wajukuu wa kaka yake wakiwa na kiu aliwaambia wakachote wenyewe.

Sikuwahi kufikiria hilo, Minza. Nilifikiri nimemwibia nyumba na jina. Sikujua kwamba nilimwachia na kosa langu alibebe kama lake.

Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa njia nzima, lakini pale haukuwa na mahali pa kukaa. Nilipoinuka akasema jambo moja tu. "Sasa kawaambie." Nikamwambia, ndiyo, nitawaambia.

Sikuwaambia. Nilirudi hapa nikasema nitangoja umalize kidato cha pili. Kisha cha nne. Nilijiambia kwamba habari hii ingekuvuruga kwenye mitihani. Unaona jinsi ninavyojua kuyapanga maneno. Mwezi uliopita alikuja mtu hapa gereji, umemwona, yule mrefu mwenye fimbo aliyekuwa ameleta ng'ombe mnadani. Ulimpa maji. Ni mtoto wa kaka yake Bibi Holo. Alikuja kunijulisha kwamba shangazi yake alifariki wakati wa mvua. Alikuwa ameomba azikwe Ngulyati karibu na mumewe, lakini waliogopa kumpeleka, wakamzika Lingeka. Alipokuwa mgonjwa alikuwa akiuliza kama fundi amekwisha kusema. Yule mtu hakujua maana yake. Aliniuliza mimi.

Jumapili iliyopita, ulipokuwa kwenye kwaya, nilikwenda Ngulyati. Nilimwomba babu yako awaite watu baada ya ibada. Nikasimama uani pale pale. Nilidhani sauti itanikimbia, lakini nilisema yote, na yalikuwa machache kuliko nilivyofikiri. Miaka kumi na miwili, na yalikwisha kabla sufuria ya maji haijachemka.

Babu yako alisema neno moja tu.

"Nilikuuliza."

Hakuniambia niondoke. Hakunipa kiti pia. Masunga alikuwepo. Unajua aliuza ile pikapu mwaka ule ule na hajaendesha gari tena. Nilifikiri anakuja kunipiga. Alisimama karibu yangu akasema kwamba miaka yote amekuwa akilala na lile geti, kwamba kama asingebishana na watu angerudi mapema. Kisha akaenda kukaa mbali nami. Mmoja wa waliovuta nyasi za paa aliondoka bila kuaga. Mwingine alisema mambo yale yalikuwa ya wakati ule. Mwisho walikubaliana kwamba kiwanja cha Bibi Holo kirudishwe kwa watu wake, na jina lake litajwe kanisani pamoja na marehemu wengine wa kijiji. Niliwaomba wiki moja, ili wewe usikie kwangu kabla hujasikia njiani. Wiki inaisha kesho.

Kesho utakuwa kwenye basi la Mwanza, unakwenda kusomea magari. Huenda ukawa msichana peke yako darasani. Hilo halinisumbui, wala mikono yako hainisumbui. Utakata boliti, kila fundi hukata. Siku hiyo watakuwepo watakaofurahi kuona umeikata wewe. Sema kama ulivyoniambia mimi, kwa sauti ile ile. Hilo sikukufundisha. Ulikuja nalo, nadhani kutoka kwa mama yako, na mimi nililiona nikiwa nimechelewa miaka tisa.

Barua hii nitakupa mkononi gari likiwa limeanza kuondoka, kwa sababu bado ni mwoga. Huna lazima ya kuijibu. Likizo ikifika, ukitaka kwenda kwa shangazi yako badala ya hapa, ana kitanda na nimekwisha kuzungumza naye. Babu yako naye anakuhitaji. Nenda umsikilize. Muulize habari za Bibi Holo alivyokuwa, alivyocheka, alivyombeba mama yako mgongoni, maana hayo mimi siyajui na wewe unastahili kuyajua.

Bibi Holo hakunisamehe, na sikumwomba. Nawe nakusihi usiharakishe kunisamehe kwa sababu mimi ni baba yako na niko peke yangu. Nikasirikie kwanza. Kasirika mpaka mwisho wake. Kitakachobaki baada ya hapo, kikiwa kidogo au hakipo kabisa, nitakipokea hivyo hivyo.

Mimi baba yako,
Luhende